Mwenye Koti, Mwenye Kanzu na Mwenye Ngozi

Mwaka nilioanza kufundisha kusoma pale misheni nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi. Nasema hivi kwa sababu hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa. Mama alisema ulikuwa mwaka wa nzige, na nzige walikuja zaidi ya mara moja. Misheni ilikuwa kwenye mteremko wa Meru, mwendo mfupi kutoka Akheri. Palikuwa na nyumba ya mmisionari, kanisa la miti lililokuwa likijengwa upya kwa mawe, shimo la kupasulia mbao, na miche ya kahawa ambayo sisi tuliiona kama mchezo wa Wazungu, kwa kuwa matunda yake hayakushibisha mtu.

Niliingia misheni kwa mlango wa jikoni. Mke wa mmisionari alinichukua nimsaidie kufua na kupiga pasi, na humo jikoni nikaokota Kiswahili, maana mpishi alitoka pwani na hakujua neno la Kimeru. Baadaye nikajifunza kusoma upesi kuliko wavulana, jambo lililowaudhi, na mmisionari akaniweka niwafundishe wanaoanza. Nilipewa kitambaa cha merikani nikashona gauni kwa mkono wangu. Gauni lile lilinibadilisha. Sisemi kwamba ubatizo haukunibadilisha. Nasema gauni lilitangulia.

Kanisani palikuwa na utaratibu wa kukaa. Waliovaa nguo walikaa mbele, kwenye mabenchi. Waliovaa ngozi walikaa nyuma, chini, karibu na mlango, na watu wakiwa wengi walikaa nje kwenye nyasi. Hakuna aliyeuandika utaratibu huo, wala sikumbuki mmisionari akiuamuru. Sababu iliyotolewa ni kwamba ngozi hupakwa mafuta, na mafuta yalichafua mabenchi. Mimi nilisimama mlangoni nikiwaelekeza watu, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii. Mtu akitokea kwenye kona ya njia, kabla sijauona uso wake nilikwisha kujua atakaa wapi.

Aliyeanzisha jambo hilo, kwa kadiri ninavyojua, alikuwa mmoja wa wazee wa usharika. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Alivaa kanzu nyeupe isiyokosa kufuliwa, na viatu, na alikuwa na mwavuli mweusi alioununua Arusha kwenye duka la Mhindi. Alipoomba, wanawake walifuta machozi. Mmisionari alipokuwa safarini, huyo ndiye aliyesoma Neno. Nilimtazama nikawaza kwamba mbinguni watu watakuwa wa namna ile.

Baba yangu hakuwa wa namna ile. Alivaa ngozi ya ndama begani, ikinuka moshi na samli, na ndewe za masikio yake zilining'inia karibu na mabega. Hakutaka kusoma wala kubatizwa, ingawa hakunizuia. "Nenda kaone wana nini," aliniambia siku nilipoondoka nyumbani. "Ukishaona utakuja kunieleza." Sikuwahi kwenda kumweleza.

Siku moja alikuja mpaka kwenye uzio wa misheni akiwa na kibuyu cha maziwa. Nilikuwa nimesimama na msichana mwenzangu, mgeni aliyeletwa kutoka Machame na mke wa mmisionari. Akaniuliza, "Yule ni nani?"

Nikajibu kwa Kimeru, ambacho kinakaribiana na lugha ya kwao, "Ni mtu wa kwetu, analeta maziwa."

Ukiyapima maneno hayo moja moja, hakuna la uongo ndani yake. Baba aliweka kibuyu chini penye kijilango, akageuka, akarudi alikotoka. Kutoka tuliposimama mpaka kwenye uzio si mbali. Nilijiambia kwamba hakusikia.

Mwenye koti alikuja mwanzoni mwa masika yaliyofuata. Alikuwa mtu wa nchi ya mbali, magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa ametumika kama askari wa Wajerumani kwa miaka mingi, akaumia mguu, akaachwa. Alikuwa amejenga kibanda cha nyasi upande wa Tengeru, na kwa miaka miwili mitatu alikuwa akiishi huko peke yake. Kila shavu lake lilikuwa na chale tatu zilizotuna kama kamba, na mkono wake wa kulia ulikosa vidole viwili. Koti lake lilikuwa lile lile la kaki la kazini, ila vifungo vyake vilikuwa vimekatwa na mahali pake akatia vijiti. Mmisionari alimpa kazi kwenye shimo la mbao. Alikuwa mtu wa chini, yule anayesimama shimoni akivuta msumeno huku unga wa mbao ukimwangukia machoni. Hakuna mwingine aliyeipenda nafasi hiyo.

Siku ya pili tu akaomba kuingia darasa la ubatizo.

Hapa lazima nieleze kuhusu koti. Nilipokuwa na miaka minane au tisa, askari walikuja nyumbani kwetu asubuhi kutafuta watu wa kazi ya barabara. Mama alinivuta mimi na mdogo wangu tukaingia migombani, akatuziba midomo kwa viganja vyake. Nyuso za askari sikuziona. Niliona makoti, na nilisikia hesabu. Walikuwa wakihesabu kwa Kiswahili, lugha ambayo wakati huo kwangu ilikuwa kelele tu, lakini nilipojifunza kuhesabu jikoni miaka mingi baadaye, niliyatambua maneno hayo mara moja, na mpishi akashangaa jinsi nilivyoyashika upesi. Baada ya siku ile baba alilala kifudifudi mwezi mzima. Tangu hapo hakuweza tena kubeba mzigo mgongoni. Ngozi ya mgongo wake ilikaza, akawa anageuka kwa mwili wote kama mtu mwenye shingo ngumu.

Kwa hiyo koti la kaki lilipoingia darasani kwangu, mle mle kanisani, sikuwa na haja ya kuuliza habari zaidi.

Wengine nao hawakuuliza. Alipokaa kwenye benchi, waliokuwa wamekaa wakasogea, kisha wakahamia benchi la nyuma. Akabaki peke yake kwenye benchi la watu sita, ameweka mikono magotini. Kwa utaratibu wetu alistahili benchi, kwa kuwa alivaa nguo. Mzee mwenye kanzu aliliona hilo akasema nami pembeni, kwa upole wake wa kawaida: "Binti yangu, si kila nguo ni nguo. Huyo mweke chini na wale wengine." Nikamweka chini. Alisimama, akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda kukaa karibu na mlango, kati ya bibi wawili waliovaa ngozi, nao wakajikunyata.

Nilifundisha kwa kumwita kila mmoja mbele asome silabi ubaoni. Mwenye koti sikumwita. Mwanzoni alikuwa akisema, "Mwalimu, mimi bado," nami nikimjibu, "Kesho." Baada ya majuma machache akaacha kuuliza. Niliendelea hivyo muda wa miezi minane. Hakuna aliyenikemea, kwa sababu wanafunzi wengine hawakujali, na yeye hakumwambia mmisionari.

Siku moja nilipita karibu na shimo la mbao wakati wa mapumziko. Mwenye koti alikuwa amechuchumaa, ametandaza unga wa mbao kwa kiganja, akiandika kwa kidole. Nilisoma alichoandika. Ilikuwa sehemu ya sala ya Bwana, herufi zake zimesimama sawa kuliko za wanafunzi niliokuwa nikiwaita mbele kila siku. Aliponiona alifuta haraka, kama mtu aliyefumaniwa akiiba. Nilipita zangu. Najua nilivyojisikia: niliudhika. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu yule hawezi kitu, na sasa alikuwa ameniharibia uamuzi wangu.

Kabla ya ubatizo wanafunzi walihojiwa mbele ya mmisionari na wazee wanne, ndani ya kanisa, watu wengine wakiruhusiwa kusikiliza. Kila mmoja aliulizwa anaacha nini nyuma yake. Wengi walitaja pombe ya ngomani, matambiko, au ugomvi na jirani. Ilipofika zamu ya mwenye koti ikawa shida, kwa kuwa yeye alisema Kiswahili, na wazee watatu kati ya wale wanne hawakukielewa vizuri. Mmisionari akaniita nifasiri. Alikuwa amenifundisha kazi hiyo mapema: mtu akisema "mimi", nawe useme "mimi". Usiseme "anasema kwamba". Uwe kinywa chake.

Mzee mwenye kanzu ndiye aliyeanza kuuliza. "Ulipokuwa askari, uliwahi kuwapiga watu wa mlima huu?"

Nikamfasiria. Mwenye koti akajibu bila kuzungusha. "Niliwapiga."

"Nani?"

"Wengi siwajui. Mmoja namkumbuka."

"Eleza," akasema mmisionari.

Akaeleza, akisimama kila baada ya maneno machache ili nifasiri. Nami nikafasiri, nikitazama ukuta, kwa sauti ile ile niliyotumia kusomesha silabi.

"Tulitumwa kuleta watu wa kazi ya barabara," nikasema kwa Kimeru. "Tulikuwa watatu. Mtu mmoja wa hapa alituongoza. Tulifika kwenye nyumba iliyo juu ya mfereji, yenye mti mkubwa wa mringaringa mlangoni, na chini yake jiwe la kunolea mapanga lililobonyea kama kiti. Mwenye nyumba alikuwa anakamua ng'ombe. Akasema atakuja, ila amalize kukamua kwanza. Mkubwa wetu akasema apigwe hamsa ishirini."

Hayo maneno mawili sikuyafasiri. Kila mtu mlimani aliyajua: viboko ishirini na tano. Lakini nilikuwa nimekwisha kulitambua jiwe. Nilikuwa nikilikalia kila siku nilipokuwa mtoto.

Mmisionari akanitazama. "Endelea."

"Nilimpiga mimi," nikasema. "Wenzangu walihesabu. Hakulia. Walipomaliza kuhesabu hakuwa amelia, nami nikaona amenidharau mbele ya wenzangu. Nikamwongeza vitano. Vile ishirini na tano nilivipiga kwa amri. Vile vitano hakuna aliyeniamuru. Vitano ni vyangu. Hivyo ndivyo ninavyotaka kuviacha nyuma, kama vinaachika."

Mambo mengi ya maisha yangu nimeyasahau, lakini nakumbuka siku niliposema kwa lugha ya mama yangu, mbele ya watu, kwamba mimi nimempiga baba yangu viboko vitano ambavyo hakuna aliyeniamuru.

Mmoja wa wazee, mfupi, msema ovyo, aliuliza kutoka kwenye kiti chake: "Na huyo mtu wa hapa aliyewaongoza ni nani?"

Mwenye koti alimtazama mzee huyo. Kisha akajibu: "Aliyetuongoza anajijua. Mimi sikuja hapa kuungama dhambi za mtu mwingine. Zangu zinanitosha."

Nikafasiri. Wazee walitoka nje kushauriana, wakarudi, na mzee mwenye kanzu ndiye aliyetoa jibu: mikono ya mtu huyu bado ina damu ya watu wetu, asubiri mwaka mmoja, aonekane kama amebadilika kweli. Mmisionari hakupenda, nilimwona usoni, lakini alikuwa ameahidi kuwasikiliza wazee. Mwenye koti aliinama akasema, "Ndiyo, wazee wangu," akatoka akichechemea.

Nilimfuata mpaka kwenye shimo la mbao. Sikuwa nimejua nitasema nini. Nikamwambia, "Nyumba ile ni ya kwetu. Mtu yule ni baba yangu."

Alikaa chini pale pale, juu ya gogo. Akanitazama, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoutazama uso wake wenyewe, mbali na chale. Ulikuwa uso wa mtu mchovu mwenye umri wa baba.

"Yu hai?" akauliza.

"Yu hai."

"Nipeleke."

Tulikwenda kesho yake baada ya kazi, jua likiwa bado juu. Sikuwa nimefika nyumbani kwa zaidi ya mwaka, ingawa ni mwendo usiozidi saa moja. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Alimwona mgeni, akaendelea kukata. Mwenye koti alivua koti, akalikunja, akaliweka chini, akasimama mbele ya baba na shati lililotoboka.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Baba, asiyejua Kiswahili, akaniuliza, "Anasema nini?"

"Ni salamu ya heshima. Anasema anashika miguu yako."

"Mwambie hakunipiga miguu."

Sikuweza kuyafasiri hayo. Lakini mwenye koti alikuwa ameelewa kwa sauti tu. Alipiga magoti, akasema alichokuja kusema, nami nikawa kinywa chake kwa mara ya pili. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomeka panga kwenye shina la mgomba.

"Nilikuona sokoni Tengeru mwaka juzi," akasema. "Uso wako sikuujua. Niliujua huo mkono. Nilikuwa nimelala chini, nikawa nauona unavyokwenda juu na kushuka, umekosa vidole viwili. Nilitaka kukufuata na panga. Kisha nikakuona unanunua kiazi kimoja. Mtu mzima, kiazi kimoja. Nikarudi nyumbani."

Nikafasiri.

"Vile vya kuhesabiwa si vyako, ni vya waliokutuma," baba akaendelea. "Vile vitano nilivijua kuwa ni vyako, kwa sababu mkono ulibadilika. Basi umevileta mwenyewe. Kaa." Akamsogezea kigoda, akaniambia niende nikalete maziwa.

Niliporudi na kibuyu walikuwa wamekaa bila kusema, kwa kuwa hawakuwa na lugha ya kusemeshana. Mwenye koti alikunywa, akaaga. Baba alimsindikiza mpaka kwenye mfereji, na hicho si kitu ambacho baba alimfanyia kila mtu.

Nilibaki. Nikamuuliza, "Baba, nani aliwaongoza?"

"Unataka kujua kwa nini?"

"Nataka tu."

"Ni yule wenu mwenye mwavuli. Wakati ule alikuwa bado kijana, akiwapelekea wakubwa habari. Alisimama pale penye mringaringa akanyoosha fimbo, akaondoka upesi nisimwone. Nilimwona."

Nilimwambia haiwezekani. Baba hakubishana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo, na mimi nakwenda kumsikiliza mtu huyo akiomba.

"Ungesikilizia wapi?" akasema. "Tangu uvae hiyo nguo hujakaa jikoni mwangu. Nami ni mtu wa kuleta maziwa."

Alisema bila hasira, huku akiokota vipande vya mgomba. Nilisimama na gauni langu la merikani nisijue niweke wapi mikono. Nikasema, "Nisamehe, baba." Akasema, "Shika upande huo," tukabeba mgomba pamoja tukawapa ng'ombe.

Tangu hapo nilikuwa na kazi mpya kila Jumapili: kumtazama mzee mwenye kanzu. Nilimtafutia alama. Nilifikiri sasa nikijua siri yake nitaona uovu machoni pake, au mkono ukitetemeka. Sikuona kitu. Alikuwa mtu yule yule, mpole, nadhifu, na sala zake zilikuwa nzuri vile vile. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa narudia kosa lile lile kwa upande mwingine: kwanza nilimpima kwa kanzu nikamwona malaika, sasa nilitaka kumpima kwa macho nimwone shetani. Moyo wake sikuuona mara ya kwanza wala ya pili.

Mwenye koti naye aliendelea kuja. Hakukosa Jumapili hata moja. Alikaa nyuma, chini, kati ya wale bibi wawili, ambao sasa walikuwa wamezoea wakawa wanamwegemezea fimbo zao. Darasani nilimwita mbele siku ya kwanza niliporudi kutoka nyumbani. Alisoma ubao mzima bila kukosea. Niliwaambia, "Huyu hakufundishwa na mimi," na sikueleza zaidi, ingawa nilipaswa kueleza.

Kadiri miezi ilivyopita, mzee mwenye kanzu alianza kukonda. Watu walisema ni homa. Mimi nafikiri kilichomkondesha ni ule ukimya kutoka mlangoni. Mwenye koti alijua, na alimsalimia kila Jumapili kwa heshima, na hakusema. Angesema, mzee angekana, na watu wangemwamini mzee. Lakini hakusema, na dhidi ya kunyamaza hakuna utetezi.

Jumapili moja mmisionari alisoma habari za nabii aliyetumwa kwa baba mmoja mwenye wana wanane kumtafuta mfalme, akavutiwa na yule wa kwanza kwa urefu na umbo lake, naye Mungu akamwambia kwamba haangalii anapoangalia mwanadamu. Baada ya kusoma akamwita mzee mwenye kanzu aombe. Mzee alisimama. Akasema, "Baba yetu." Akanyamaza. Tukangoja tumefumba macho. Akasema tena, "Baba yetu." Kisha tukasikia benchi likilia, alikuwa amekaa. Mmisionari akamalizia sala mwenyewe.

Kesho yake mzee huyo alikwenda nyumbani kwetu. Nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kwenda kila juma. Alikuja kwa miguu akivuta kondoo jike, na shingoni mwa kondoo alikuwa amefunga jani la sale, jani ambalo kwetu mtu huja nalo anapoomba radhi, na aliyekosewa hawezi kulikataa bila aibu. Nilishangaa, maana yeye ndiye aliyekuwa akituambia tuachane na mambo ya majani. Mwavuli hakuja nao.

Baba alimwambia aingie ndani. Nyumba zetu za zamani zilikuwa za giza, moto katikati, ng'ombe upande mmoja. Aliinama akaingia na kanzu yake nyeupe, akimvuta kondoo, akakaa kwenye kigoda kando ya ng'ombe.

"Nilipewa idadi ya watu wa kupeleka," akasema. "Mmoja alipungua. Waliobaki walikuwa wewe na ndugu yangu, na ndugu yangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Nikasema akienda atafia njiani. Nikawaonyesha kwako."

"Ndugu yako namjua," baba akasema. "Alikuwa akikohoa damu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia. Ungekuja jioni ukaniambia, ndugu yangu anaumwa, nenda badala yake. Ningekwenda."

Mzee mwenye kanzu aliweka uso mikononi akalia, si kama watu wanavyolia kanisani. Ng'ombe aligeuka akamtazama. Baba alimwacha alie. Alipotulia, baba alilifungua jani kutoka shingoni mwa kondoo akalichomeka kwenye paa, alama kwamba amelipokea.

Jumapili iliyofuata mzee alisimama akaeleza yote mbele ya usharika, kwa maneno machache, akaomba aondolewe uzee wa kanisa. Wengine walimwonea huruma, wengine walimcheka mpaka Arusha mjini. Hakuacha kuja. Alikaa nyuma, akiwa amevaa kanzu ile ile, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine. Ni kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: kwamba ile kanzu iliyokuwa ikifuliwa kila juma ilikuwa moja tu.

Mwenye koti alibatizwa pamoja na darasa lililofuata, kabla mwaka aliopewa haujaisha. Baba alikuja kuona. Alipanda njia na ngozi yake begani, nami nilikuwa mlangoni kama kawaida. Nilitaka kumwongoza mbele, nikiwa nimejiandaa kwa siku nyingi jinsi nitakavyosema kwa sauti, "Huyu ni baba yangu." Hakuningoja. Alipita akaenda moja kwa moja kwenye benchi la kwanza, akakaa katikati, akasinzia mahubiri yalipoanza. Aliamka maji yalipomwagwa. Benchi lilipata doa la mafuta, na mke wa mmisionari alilisugua Jumatatu bila kusema kitu. Baada ya hapo waliovaa ngozi walikaa walipotaka.

Baba mwenyewe hakubatizwa. Nilimweleza yale niliyoyaona, kama alivyoniagiza, naye alisikiliza vizuri, akauliza maswali ambayo mengine sikuwa na majibu yake. Mwenye koti alimtembelea mara kwa mara. Walijifunza maneno kidogo kidogo, huyu ya huyu, wakawa wanakaa mchana mzima wakinoa mapanga na kusemezana kama watoto.

Vita vya Wazungu vilipofika kwetu, serikali ilikusanya wapagazi, na mwenye koti alichukuliwa ingawa alichechemea. Alipita kutuaga. Mtu mmoja wa Akheri aliyeponea kwenye njia ya Kondoa alirudi akatuambia kwamba alikufa kwa kuhara damu, na kwamba kabla hajafa alikuwa akibeba mzigo wake na wa mwenzake.

Nilimpelekea baba habari hizo. Akauliza nani alimzika. Nikamwambia hakuna anayejua. Akaniuliza kama watu wa kitabu wanayo maneno ya kumwombea mtu aliyefia mbali na watu wake. Nikasema wanayo.

"Basi yaseme," akaniambia. "Nitasimama."

Nikayasema pale migombani, kwa Kimeru, naye akasimama mpaka nilipomaliza.